Lefse Atavutwaje?

Arlys Tvedt alikuwa na vitu viwili tu duniani ambavyo akisema "changu" hakuna aliyethubutu kumjibu: kodiani moja nzito kama ndama, na gari dogo jeupe aliloliita Lefse. Vingine vyote alikuwa navyo kwa ubia na mumewe, Orrin. Nyumba yao ya Minnesota walishaiuza, ng'ombe wa maziwa walishawauza, hata theluji ya mlangoni waliiuza pamoja na koleo lake. Wakanunua gari-nyumba, moja katika yale makubwa yenye usukani mbele, jiko katikati na kitanda nyuma, refu kiasi kwamba mvua ikianza kunyesha puani, aliye mkiani hupata muda wa kuanua nguo. Tangu hapo kazi yao ikawa moja. Baridi ikianza kuuma, wanateremka kambini Arizona na wastaafu wenzao. Jua la Arizona likianza kukausha kahawa ndani ya kikombe kabla hujaipuliza, wanapanda kwao.

Lefse alipewa jina la ule mkate wa viazi wa kina bibi zake Arlys, kwa sababu alikuwa mweupe mwenye madoa ya kahawia, na kwa sababu, kama ule mkate, sura hakuwa nayo, lakini ukimkosa sikukuu hainogi. Madoa yenyewe yalikuwa kutu. Arlys hakutaka kuyasikia yakiitwa hivyo.

Sasa gari-nyumba likishatua, limetua. Linateremshiwa miguu ya chuma, linaunganishwa bomba la maji, linatandikiwa kapeti mlangoni, linawekewa na vyungu vya maua. Kulisogeza ni kama kumwamsha bibi harusi aende kuteka maji. Kwa hiyo mwenye gari-nyumba asiye na gari dogo ni mfungwa mwenye friji. Arlys hakuwa mtu wa kufungwa. Kila Alhamisi alimkalisha kodiani wake kwenye kiti cha abiria, akamfunga mkanda, akamwasha Lefse, akavuka bonde kwenda kwenye ukumbi wa mabati wa kambi ya pili, na huko akapiga polka, ile ngoma ya kurukaruka. Wazee waliingia pale kwa fimbo, wakatoka bila fimbo. Msimu ulipokuwa unakwisha, fimbo zilizosahaulika ukumbini zilitosha kujengea banda la kuku, na kuku wenyewe wakawa wanataga kwa mapigo.

Lakini mwaka ule Lefse aliingia kwenye hatari ya kuuzwa, na hatari hiyo ilianzia Kansas.

Walipokuwa wakiteremka, Orrin alitangulia na gari-nyumba, Arlys akafuata nyuma na Lefse, dirisha wazi, anaimba. Akiona duka la pai anasimama. Akiona farasi mzuri anasimama. Kisha anakanyaga mafuta mpaka amwone Orrin tena. Tatizo ni kwamba watengenezaji wa magari-nyumba wote ni kama wana ndoo moja tu ya rangi: mwili rangi ya maziwa yaliyolala, na ubavuni utepe wa kahawia unaojipinda kama nyoka aliyelewa. Arlys akatoka kwenye duka la pai, akamwona nyoka wake mbele, akamfuata. Akamfuata Kansas yote, akamfuata Oklahoma yote, akashangaa kidogo alipokunja kona kuingia Texas, ila akajisemea, mzee huyu leo kapata wazo. Nyoka akaingia uani kwa watu, akazima injini, akashuka mama mmoja mwenye vibiringo vya kukunjia nywele kichwani.

"Dada," yule mama akamuuliza, "umetufuata tangu asubuhi. Tumekudondoshea kitu?"

Wakamlisha, wakamlaza, naye akawapigia kodiani mpaka mbwa wao akajifunza polka, na inasemekana mpaka leo hajaacha. Orrin naye siku ile nzima aliona kwenye kioo gari dogo jeupe likimfuata, akafurahi kwamba mkewe kwa mara ya kwanza ametulia. Kumbe lilikuwa la mchungaji mmoja anayeogopa kupita malori.

Walipokutana tena, Orrin alisema maneno machache, maana yeye ni mtu wa Minnesota na maneno huyaweka akiba. "Nilioa mke," alisema. "Sikuoa msafara. Tukirudi nyumbani utakaa hapa." Akakipiga kofi kiti kilicho kando ya usukani. "Lefse ama avutwe, ama auzwe."

Basi wakakaa msimu wote wakilikwepa jambo hilo, mpaka ikafika wiki ya kuondoka. Safari ilikuwa Jumamosi.

Kambini kwao, jua likianza kulegea alasiri, kila mtu hubeba kiti chake cha kukunja na kinywaji chake, wakakaa duara. Wanawake hutoa karanga na jibini. Wanaume hutoa ushauri ambao hawajaombwa. Jumatano ile walikaa mbele ya nyumba ya kina Arlys, na aliyeshika usukani wa mazungumzo alikuwa Delmar Stroup wa Nebraska, bwana mwenye mikono safi na gari linalovutwa ambalo lilikuwa safi kuliko mikono yake. Delmar alikuwa amemkodolea macho Lefse tangu Krismasi. Alimtaka kwa ajili ya mjukuu wake anayejifunza kuendesha, na mara nyingine Arlys alimkuta amesimama kando ya Lefse akimsugua doa moja kwa kidole, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

"Tazameni," Delmar akasema, akavuta kikapu cha mkate. "Huu mkate mrefu ndiyo nyumba. Hii skonzi ndiyo Lefse." Akachukua kijiti cha meno, akakichoma mkateni upande mmoja na kwenye skonzi upande wa pili. "Njia ya kwanza, na ndiyo yangu mimi. Mkono wa chuma unashika pua ya gari, magurudumu yote manne yako chini, linakufuata kama bata na mama yake. Kufunga ni mara moja, kufungua ni mara moja, na ukifika huna takataka ya kutafutia pa kuiweka."

"Basi tufanye hiyo," Arlys akasema.

"Lefse hawezi." Delmar alisikitika, ila masikitiko yake yalikuwa na meno yote nje. "Otomatiki huyo. Giaboksi yake inapata mafuta injini ikiwa inawaka tu. Ukimburuza amezimwa, mkifika Flagstaff imeshakaangika. Mnaweza kuila na viazi."

"Ya pili?"

Delmar akaiegemeza skonzi, upande wa mbele juu ya kipande cha jibini, upande wa nyuma chini. "Kitoroli cha magurudumu mawili. Miguu ya mbele inapanda juu, inafungwa mikanda. Ya nyuma inabiringika. Hapo giaboksi inalala usingizi, haina wa kuiuliza kitu. Lakini ni kukaza mikanda kila saa, na rivasi usahau. Hata hatua moja huwezi kurudi. Ukijaribu, kinajikunja kama kisu cha mfukoni."

"Na hicho chuma chako kinarudi rivasi, Delmar?" akadakia Twyla Boudry. Huyu alikuwa shoga yake Arlys, mjane anayeendesha nyumba yake mwenyewe na kuvuta gari lake mwenyewe, na mwenye mbwa mnene aitwaye Gus.

"Sikuulizwa hiyo," Delmar akasema.

"Ndiyo nakuuliza."

"Hakirudi." Akaharakisha kuchukua sahani, akaiweka skonzi nzima juu yake. "Njia ya tatu, trela. Gari linapanda lote, linakaa kama mfalme. Hiyo hata rivasi unarudi."

"Trela hapana," Orrin akasema. "Nyumba yangu hiyo inapanda milima kwa dua tu. Ukiiongezea trela itabidi tufunge na kuomba."

Wakati wanacheka, Gus alinyanyua shingo, akaichukua skonzi na kipande cha jibini, akameza bila kutafuna. Duara zima likamtazama.

"Njia ya nne," Twyla akasema.

Delmar akaona mlango umefunguka, akaingia. "Kwa nini mjisumbue, Orrin? Mimi namchukua Ijumaa, na madoa yake hivyo hivyo. Mkifika kwenu mnatafuta gari lenye gia za mkono, mnalifunga chuma, mmemaliza."

Orrin akamtazama Lefse, akatazama kopo lake. "Si wazo baya," akasema. Kwa mtu wa Minnesota hayo ni kama kutia saini.

Arlys aliiona Alhamisi ikija, nyingine ikija, na yeye amekaa mlangoni amepakata kodiani, anawapigia mijusi. "Orrin," akasema polepole. "Ukimuuza Lefse, nami sina pa kwenda kupiga, nitakupigia wewe. Ndani. Madirisha yamefungwa. Mpaka Minnesota."

"Masikio yenyewe yamebaki nusu, mama."

"Hiyo nusu ndiyo naitaka."

Twyla akagonga mkono wa kiti chake. "Shemeji, sikiliza. Mwaka huu mimi sipandi, nakaa hapa hapa na nge. Kitoroli changu kitalala bure. Ijumaa kichukueni, mpakieni Lefse, mwende mjini na kurudi. Mkirudi hamjatalikiana, ni chenu, utanilipa kwa polka. Mkirudi mmenuniana, basi Delmar na abebe."

"Sawa," Orrin akasema. Delmar naye akasema sawa, na Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, akakaa mbele ya nyumba yake na kitambaa cha kung'arishia magari mkononi.

Kumpakia Lefse kulikuwa vita. Arlys alikuwa ndani anaendesha, Orrin mbele anamwelekeza kwa mikono. Sasa Orrin akielekeza, hafanani na mtu anayeelekeza. Anafanana na mtu aliyekanyaga mzinga wa nyuki. Anasema kushoto huku anaonyesha kulia, na kichwa kinasema simama.

"Nifuate kipi?" Arlys akatoa kichwa dirishani. "Mdomo, mkono, au kichwa?"

"Nifuate mimi."

"Wewe mko watatu hapo."

"Mbona yule wa Texas ulimfuata vizuri tu?" Orrin akasema.

Neno hilo lilikuwa limekaa akiba tangu Kansas, na lilipotoka lilitoka lote. Arlys akamkanyagia Lefse mafuta, Lefse akapanda kitoroli kwa mruko mmoja kama mbuzi, pua juu. Orrin akafunga mikanda juu ya magurudumu ya mbele, akakaza, akafungua hendibreki. Arlys akashuka bila kumtazama.

"Nakwenda kulala nyuma," akasema. "Usiniamshe hata ukiona simba." Akaingia ndani ya nyumba, akalivuta pazia la kitanda kwa kishindo, ingawa pazia halina kishindo.

Ijulikane kwamba kambini pale mume na mke hawaondoki kabla ya kuzunguka. Mmoja anakwenda kulia, mwingine kushoto, kila mtu anagusa kwa mkono kila kitu anachokipita, ngazi imepanda, bomba limetolewa, dirisha limefungwa, mpaka wanakutana puani mwa nyumba, wanapigana viganja, ndipo injini inawashwa. Wasiozunguka wanajulikana kwa hadithi zao. Kuna wa Iowa walioondoka na jirani yao bado yuko juu ya paa anawarekebishia antena. Alishuka Yuma akiwa ameiva na jua kiasi kwamba mkewe alimkataa mpaka akataja majina ya watoto wote.

Siku ile Orrin na Arlys hawakuzunguka. Hasira haizunguki.

Nyuma ya pazia Arlys akalala, akageuka, kisha akakaa wima. Kodiani. Alimwacha ndani ya Lefse, juu ya kiti, tangu Alhamisi ya jana. Akapelekwe akirushwarushwa kwenye kitoroli kama gunia la vitunguu? Wakati huo Orrin alikuwa ameinama bombani ananawa grisi. Arlys akateremka kimyakimya, akapita ubavu wa pili, akapanda ndani ya Lefse. Kwa jinsi Lefse alivyoinua pua, mlango ulijifunga wenyewe nyuma yake, naye akajikuta ameketi kwenye usukani amelala chali kama mtu kwenye kiti cha daktari wa meno. Akamfungua kodiani mkanda, akampakata, akamvuta pumzi moja taratibu kusikiliza kama kifua chake ni kizima.

Orrin akapanda mbele. Akatazama nyuma, akaona pazia limefungwa. Akawasha injini.

Arlys aliona vyungu vya maua vinapita dirishani. Akaona Delmar na kitambaa chake vinapita. Akapiga honi.

Lakini masikio ya Orrin yalikuwa ya kuonewa huruma. Radi ikipiga, huuliza nani anabisha hodi. Kamera ya nyuma nayo ilikuwa imekufa tangu nyigu walipojenga ndani yake nyumba ya ghorofa. Honi ya Lefse ilimfikia kwa mbali, kama ya mtu aliye nyuma sana mwenye haraka zake. Na Orrin Tvedt ni mtu mwenye adabu barabarani. Akasogea kulia, akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani, akaupunga: pita bwana, pita.

Arlys akapiga tena. Mkono ukatoka tena: pita tu, ndugu yangu.

Alipoona ule mkono mara ya tatu, Arlys aliacha honi. Barabara ilikuwa nyeupe, milima imekaa kando imetulia, upepo una harufu ya vichaka baada ya mvua, na yeye yuko ndani ya gari lake, halichomi mafuta, haliulizi njia, na safari hii hawezi kumfuata mtu mwingine hata akitaka. Akazungusha kioo cha dirisha chini. Akapitisha mikanda ya kodiani mabegani. Akaanza polka.

Dereva wa lori aliyekuwa akija mbele alisikia, akaanza kupiga honi kwa mapigo. Wapanda pikipiki sita waliopita waliinua ndevu zao kwa heshima. Gari la watoto lilifuatana naye maili nzima, watoto wote wamebandika pua vioo. Askari wa barabarani aliyeegesha chini ya daraja alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena, kisha akaamua kwamba zamu yake imekwisha. Wanasema hata yale madungusi makubwa ya miiba yaliyosimama jangwani na mikono juu, yaliyo karibu na barabara ile, tangu siku ile mkono mmoja umeshuka kiunoni.

Katikati ya hayo Arlys alikuwa pia anasikiliza. Mpiga kodiani hawezi kuacha kusikiliza. Alisikia kwamba Lefse anafuata vizuri. Hayumbi kushoto, hayumbi kulia, magurudumu ya nyuma yanaimba sauti moja. Lakini baada ya muda, kushoto mbele, akasikia kitu kinapiga. Pa, pa-pa. Pa, pa-pa. Yeye anapiga polka, kile kinampigia wolzi, ngoma ya mapigo matatu.

Mkanda unalegea.

Hapo alirudi kwenye honi kwa nguvu zake zote. Mkono wa Orrin ukatoka, mvumilivu kama zamani: pita, bwana, pita, barabara ni yetu sote.

Walipofika mjini, Orrin alikuwa ameshajuta. Alikuwa amesafiri na lile neno la Texas njia nzima, nalo lilimkereketa. Akaona kibao cha duka la pai, akakumbuka mkewe huko nyuma ya pazia, akasema moyoni pai ya cheri itasema yale ambayo yeye hayawezi. Kibao kilikuwa na mshale wa kwenda uani. Orrin akaufuata, na uani hapakuwa na njia ya kutokea. Palikuwa na ukuta. Nyumba ikasimama pua mdomoni mwa ukuta, Lefse nyuma yake, na mkia wao wote umefunga mlango wa uani kama kizibo.

Yaliyotokea ndani Arlys aliyapata baadaye kwa Orrin mwenyewe, mara nyingi, na kila mara yakiwa na machozi zaidi. Orrin alitazama mbele akaona ukuta. Akatia mkono kwenye gia ya rivasi, akaukumbuka mkate wa Delmar, akautoa. Akaita, "Arlys, mama, tumekwama." Akaita tena, akaenda, akalifungua pazia taratibu maana aliambiwa asimwamshe. Kitanda kitupu. Mto una alama ya kichwa, kichwa hakuna.

Arlys, akiwa ndani ya Lefse, alimwona akitoka mlangoni bila kofia. Orrin bila kofia alikuwa hajaonekana hadharani tangu siku ya harusi yao. Mama wa duka la pai alikuwa ametoka kuangalia nani kaziba uani kwake.

"Nimemwacha mke wangu," Orrin akamwambia. "Nimemwacha jangwani. Tuligombana, sikuzunguka. Nimemwacha."

"Geuza gari umfuate, mzee."

"Haligeuki. Halirudi hata hatua moja."

Akatazama jumba lake lile, na friji yake, na oveni yake, na nyoka wake wa kahawia ubavuni, lote halina faida ya punje. Kisha akamwona Lefse. Akaja mbio, akapiga magoti kwenye mikanda.

"Lefse, mama," akamwambia lile gari. "Nisamehe niliyosema. Nipeleke. Nipeleke nikamchukue, sikuuzi kwa mtu, hata akija na malaika wa kunishika mkono."

Sasa Arlys angeweza kusema kitu. Alifungua mdomo kabisa. Lakini mwanamke aliyekaa ndoani miaka yote ile na mtu wa maneno ya akiba, siku akiba ikivunjwa, hamkatizi. Akafunga mdomo, akasikiliza.

Orrin akaufungua mkanda wa kulia. Akaukuta wa kushoto umeshalegea wenyewe. Akafungua mlango bila kutazama ndani, akajitupa kwenye kiti, akamkalia Arlys pamoja na kodiani. Kodiani alitoa mlio ambao hakuna polka iliyowahi kuwa nao. Mama wa duka la pai aliangusha taulo. Orrin aliruka akagonga kichwa kwenye paa, na kinundu kidogo kilichobakia pale ukimuuliza Arlys atakwambia ni doa.

"Umechelewa," Arlys akasema. "Sasa twende tukanichukue."

Orrin akashika mlango. Akamgusa bega, akamgusa shavu, kama vile anazunguka nyumba kabla ya safari. "Umekuwa humu tangu lini?"

"Tangu kambini. Nimekupigia honi mpaka kidole kimeota sugu."

"Ni wewe? Mimi nilikuwa nakupisha."

"Niliuona mkono. Una adabu sana wewe barabarani. Nyumbani ndiyo inabidi ufanye mazoezi."

Orrin akakaa chini pale pale, mgongo kwenye gurudumu la kitoroli. Mwanzo Arlys alidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila katikati kicheko kiliingia, vikachanganyika, naye akateremka akakaa kando yake, wakacheka mpaka wateja wa pai wakatoka na vijiko vyao.

"Kuhusu Texas," Orrin akasema.

"Nimesikia. Umeshamwomba Lefse msamaha, ameupokea."

"Na kitoroli?"

"Kinafaa," Arlys akasema. "Mimi nimekipanda, Delmar hajakipanda. Lefse anafuata sawasawa, giaboksi imelala, hata mimi ningelala. Ila mkanda wa kushoto unalegea mwanzo wa safari. Ulikuwa unapiga wolzi. Tukitoka, tutasimama mapema tuukaze, halafu twende. Na uani kwa watu tusiingie mpaka mmoja ashuke atazame."

"Mmoja nani?"

"Mwenye masikio."

Kutoka pale kulitaka watu. Lefse akateremshwa, kitoroli kikafunguliwa kikazungushwa kwa mikono, nyumba ikarudishwa rivasi, wapita njia wakiwa upande huu na upande ule, na kila mmoja akielekeza kwa mikono yake, ikawa kama uwanja mzima umekanyaga mzinga wa nyuki. Arlys alisimama juu ya pipa akiwapigia kodiani ili warudi kwa pamoja. Mama wa duka alikataa kuachia ukuta wake uguswe, na haukuguswa. Lefse alipokwisha kupanda tena na mikanda kukazwa, Orrin akavaa kofia yake, akaenda kulia. Arlys akaenda kushoto. Wakagusa kila kitu. Wakakutana puani, katikati ya nyumba na barabara, na safari hii viganja havikutosha, wakabusiana, mbele ya wateja wote na pai zao.

Kambini habari ilikuwa imeshafika kabla yao. Twyla alikuwa amesimama njiani mikono kiunoni, Gus kando yake.

"Shemeji," akasema, "nasikia siku hizi unavuta redio."

"Navuta mke," Orrin akasema. "Redio ilikuja naye."

Delmar alikuja na kitambaa chake, akamzunguka Lefse mara moja. "Kwa hiyo siuziwi?"

"Delmar," Arlys akasema, "labda nikuuzie Orrin. Ana adabu sana barabarani."

"Orrin ana rivasi?"

"Tangu leo anayo."

Hata Delmar alicheka. Jioni ile akaleta mkate na skonzi, akamwomba Arlys awaonyeshe duara zima mahali mkanda unapolegea, naye akaonyesha, huku Gus amefungwa kamba. Polka ya kumlipa Twyla ilipigwa pale pale, na Delmar alicheza mpaka kitambaa chake cha kung'arishia kikawa leso ya jasho.

Jumamosi wakaondoka, waliobaki wakigonga masufuria kuwaaga. Arlys alikaa kwenye kile kiti kando ya usukani, kama Orrin alivyotaka, miguu juu ya dashibodi, na kwenye kioo chake cha pembeni aliuona ubavu wa Lefse ukifuata, mweupe wenye madoa, bila haraka. Na kila waliposimama, walizunguka. Ila Orrin alikuwa ameongeza kituo kimoja kwenye mzunguko wake. Kabla ya kufika puani alifungua mlango wa Lefse, akakipapasa kiti, akaufunga. Ndipo alipopigana viganja na mkewe.

Kansas, nje ya duka lile lile la pai la safari ya kuteremka, alifungua mlango akapapasa goti.

Arlys alikuwa amekaa, kodiani mapajani, dirisha limeshateremshwa. "Mpaka kwenye lile ghala la mahindi tu," akasema. "Hapa barabara imenyooka."

Orrin akatazama barabara huku, akaitazama kule. Palikuwa peupe mpaka mwisho wa macho, hakuna hata mchungaji. Akainama, akaujaribu mkanda wa kushoto kwa mkono, akaukaza kidogo tena.

"Ukipiga honi safari hii nitasimama," akasema.

"Safari hii sipigi honi."

Akaufunga mlango polepole, akaenda kuwasha injini.